Aliye Juu

Aliye juu mngoje chini, walisema wahenga,
lakini wahenga hawakufika La Paz,
ambako maskini ndio wanaoishi juu,
El Alto, kwenye hewa nyembamba na baridi ya kuuma meno,
na sisi wenye bustani tumejibanza bondeni, kwenye joto.
Kila asubuhi, saa moja kasorobo,
niliye chini nilimngoja Saturnina ashuke
na gari la waya, mkate wa moto mkononi.
Miaka kumi na mmoja.

Nafundisha chuoni. Somo langu ni wanawake.
Niliandika ubaoni neno *dada*, nikalipigia mstari,
Saturnina akiwa nyumbani anaipiga pasi blauzi
nitakayovaa kesho kulitamka tena.

Kikombe chake kilikuwa cha bati, chenye ua la buluu,
na msumari wake peke yake nyuma ya mlango wa stoo.
Sikukitundika mimi. Alikitundika mama yangu.
Mimi nilikiacha tu.

Siku tatu hakushuka.
Ya nne nikapanda.
Kibanda cha kioo kikanipitisha juu ya mapaa,
juu ya mashuka yaliyoanikwa, juu ya mbwa akibweka darini,
na moyo ulinienda mbio. Nilijidanganya kuwa ni huruma.
Ilikuwa kukosa hewa.

Niliwakuta ukumbini mwa shule, wanawake kama ishirini,
sketi zao za marinda zimejaza viti,
kofia zao za duara zimeinama upande mmoja,
wanabishana kwa Kiaymara juu ya karatasi moja.
Mmoja akauliza, Huyu nani?
Nilitumaini atasema rafiki. Ningeridhika na bosi.
Saturnina akasema, "Huyu ni kazi yangu."
Wakacheka. Nami nikacheka, kwa kuchelewa.

Nikamwambia nayahisi maumivu yake.
Nilisema kwa dhati; machozi yalishafika.
Nikaongeza, kwa unyenyekevu wa msomi,
kwamba najua, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Akanitazama kama anavyotazama doa
kabla hajaamua atumie sabuni gani.
"Changu ulikilalia, Bibi Lucrecia.
Usiku ule Rodolfo alipokuvunja mkono,
ulikuja chumbani kwangu, nyuma ya jiko,
nikakupa kitanda, nikalala sakafuni.
Usiku wa pili ukalalamikia godoro.
Asubuhi ya tatu wakili wako akaja, dada yako akaja,
ukarudi ghorofani.
Godoro ni lile lile."

Ukumbi ukanyamaza. Mtoto akaangusha kifuniko cha sufuria.

Nilikuwa nimesahau.
La. Niliukumbuka mkono. Niliukumbuka vizuri,
nimeuandikia makala mbili na hotuba,
mkono wangu katika plasta nyeupe, mkono wa wanawake wote.
Kitanda ndicho nilichokisahau,
na aliyekuwa sakafuni.

Wakaniletea chai. Kikombe kimoja kinazunguka,
kila mmoja anakunywa, anafuta ukingo kwa kidole, anapitisha.
Kilipofika kwangu nikasita.
Sekunde moja hivi. Wote waliiona.

"Usinililie," Saturnina akasema. "Nihesabie.
Bima hukulipa. Likizo hukulipa.
Jumapili za wageni wako, ulisema tutazungumza."
Akaisukuma ile karatasi kwangu. Hakuitoa kalamu.
Alijua ninayo.

Sikusaini. Naandika ukweli: sikusaini siku ile.
Niliikunja nikashuka nayo, mji ukiwaka chini yangu.

Nyumbani nikakitungua kikombe cha bati, nikakinywea chai.
Chai ilikuwa chai.
Nikajiona mwigizaji katika ukumbi mtupu,
nikakiosha, nikakiweka kabatini pamoja na vingine,
nikavuta daftari.

Miezi mia moja thelathini na miwili. Hiyo ni rahisi.
Likizo, nimezipata.
Jumapili ndizo zinazonishinda. Naanza, napotea, naanza tena.
Zilikuwa karamu zangu, na sizikumbuki.
Yeye atakuwa amezihesabu, kila moja.
Itabidi nipande tena, nimuulize.